Maswali Yenu: "Nimesaini Orlando, leo ni siku ya nne"

Safari hii barua nyingi ni za taimushea. Kwa asiyeijua: unanunua zamu ya likizo, ama wiki moja kila mwaka katika nyumba ya kitalii, ama fungu la pointi unazobadilisha na malazi. Bei ya kununua unailipa mara moja au kwa mkopo. Ada ya matunzo unailipa kila mwaka, uende usiende.

SWALI: Tulikwenda Orlando, Florida, na watoto. Kwenye kibanda cha tiketi tukaambiwa tukisikiliza maelezo ya dakika 90 tutapata tiketi nne kwa bei ya chini. Tuliingia saa tatu asubuhi, tukatoka saa tisa alasiri na mkataba wa dola 24,000. Asilimia 10 tumeshalipa. Mke wangu hajalala tangu turudi. Leo ni siku ya nne na muuzaji hapokei simu. Tufanyeje?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

JIBU: Kwanza acha kumpigia. Ukimpata atakwambia subiri Jumatatu, na Jumatatu atakwambia subiri meneja arudi, na siku zako zinakwisha.

Sheria ya Florida, sura ya 721, inakupa siku 10 za kughairi bila kutoa sababu na bila faini. Zinahesabiwa tangu siku uliyosaini, au siku uliyopokea hati ya mwisho unayostahili kupewa, ile itakayokuja baadaye. Wewe hesabu tangu kusaini, ili mtu asipate pa kubishania. Hizo ni siku za kalenda: Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zimo. Hata kama kati ya karatasi ulizosaini ipo inayosema umeiacha haki hiyo, karatasi hiyo haina nguvu. Na kwamba unakaa Ohio hakubadili kitu, maana nyumba na mkataba ni vya Florida.

Leo hii toa makaratasi yote mezani. Tafuta sehemu iliyo karibu na sahihi zenu inayosema mnaweza kughairi ndani ya siku 10. Hapo hapo pana jina na anwani ya kupelekea taarifa. Barua iende kwenye anwani hiyo na si nyingine. Watu wengi hupeleka barua mapokezi, au kwenye ofisi ya mauzo walikosainia, kisha wanaambiwa haikufika panapohusika.

Usipoiona karatasi hiyo, angalia mfuko wa ndani wa lile begi zuri mlilopewa. Siku hizi hati ndefu huwekwa kwenye kifaa cha kompyuta au kwenye tovuti yenye nywila, na karatasi yenye anwani hubaki peke yake chini ya vipeperushi vya mikahawa.

Barua yenyewe iwe fupi, kwa Kiingereza, na iwe na mambo haya tu: tarehe ya leo, majina yenu wote kama yalivyoandikwa kwenye mkataba, namba ya mkataba, jina la jengo, tarehe mliyosaini, na sentensi moja: "Tunaghairi mkataba huu chini ya sheria ya Florida na tunaomba turudishiwe fedha zote tulizolipa." Kisha sahihi za wote waliosaini. Akisaini mume peke yake na mkataba una majina mawili, umewapa sababu ya kukurudisha nyuma. Usieleze kwamba mlidanganywa, wala kwamba mtoto alikuwa analia. Sababu haihitajiki, na ukiitoa unawafungulia mazungumzo.

Nenda posta mwenyewe. Omba barua ya rejista yenye kadi ya kurudishwa ikisainiwa na mpokeaji. Mwambie karani apige muhuri wa tarehe kwenye risiti yako mbele yako, kisha piga picha barua, bahasha na risiti vikiwa pamoja. Florida huhesabu tarehe ya kuposti, si tarehe ya kufika, kwa hiyo muhuri ule ndio ushahidi wako. Kama mkataba unaruhusu faksi au baruapepe, tuma huko pia, lakini barua ya posta isikose.

Fedha zinatakiwa zirudi ndani ya siku 20 tangu wapokee taarifa, au siku 5 tangu malipo yenu yapite benki kama hilo litachelewa zaidi. Wanaweza kukata thamani ya kile mlichokwisha kukitumia chini ya mkataba, kwa mfano usiku mlizolala kwa pointi mpya. Tiketi mlizopewa kwa kusikiliza ni zenu, mlizifanyia kazi saa sita nzima. Lakini kama mlipewa kitu kwa sababu mmesaini, tableti kwa mfano, msikifungue. Kirudisheni kwa rejista.

Jambo moja zaidi ambalo watu huligundua baada ya mwezi: ile asilimia 10 mara nyingi hailipwi kwa kadi uliyokuja nayo. Muuzaji hukujazia ombi la kadi mpya ya mkopo pale pale mezani, inakubaliwa kwa dakika chache, na malipo yanaingia humo. Angalia kama mmefunguliwa kadi ya namna hiyo. Mkataba ukifutwa, hakikisha deni la kadi limefutwa nalo, ndipo uifunge. Wasiporudisha kwa wakati, pinga malipo kwa benki iliyotoa kadi, ukiambatisha risiti ya posta.

Atakupigia mtu. Watakupigia, tena kwa upole, na bei mpya iliyoshuka nusu. Jibu ni "barua ipo posta," kisha kata.

Kwa wasomaji wa kwingine: siku hazifanani. Nevada, yaani Las Vegas, ni 5. California na Hawaii ni 7. Mexico ni 5 za kazi. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza ni 14, na huko ni marufuku kupokea hata senti kabla ya siku hizo kwisha. Akikuomba amana siku ya kwanza pale Tenerife, kisiwa cha Hispania, ameshavunja sheria.

SWALI: Mimi na mume wangu tumesoma, yeye ni mhasibu. Bado sielewi tulivyosaini. Wanafanyaje?
*Msomaji, Houston, Texas*

JIBU: Wanachosha. Mtu wa kwanza ni rafiki: anakula nanyi chai, anauliza mmetoka wapi, watoto wangapi, likizo ya mwaka jana mlitumia kiasi gani. Anaandika. Anawatembeza kwenye nyumba ya maonyesho, ambayo daima ndiyo kubwa kuliko zote, na hamtaona ile ya chumba kimoja mtakayomudu. Kisha anakuja wa pili na kalamu, anazidisha ile namba mliyoitaja mara miaka 30 na kuwaonyesha kwamba hoteli zitawala dola laki na zaidi. Mkikataa, rafiki anasikitika, anakwenda "kumwomba bosi," na bosi anakuja na bei ya leo tu. Mkikataa tena, mlangoni yupo wa mwisho na kifurushi kidogo cha majaribio. Kwa wakati huo watoto wana njaa, na saini inaonekana ndiyo njia ya kutoka.

Mume wako angepewa nusu saa na kikokotoo angeikataa. Chukua mfano wa dola 24,000, amana 2,400, na mkopo wa 21,600 kwa riba ya asilimia 15 miaka 10, riba ya kawaida kwa mikopo ya muuzaji mwenyewe. Malipo ni karibu dola 348 kwa mwezi. Miaka 10 inafika dola 41,800 hivi, na ukijumlisha amana inakuwa 44,200. Ongeza ada ya matunzo inayoanza dola 1,100 na kupanda asilimia 5 kila mwaka: hiyo ni 13,800 nyingine. Jumla dola 58,000 kwa wiki kumi za likizo. Gawanya kwa usiku 70 upate karibu dola 830 kwa usiku mmoja, na nauli ya ndege haijaingia. Mkopo ukiisha, ada peke yake mwaka wa 11 imekaribia dola 1,800.

Kuhusu ahadi za mdomo, kwamba mtapangisha wiki ilipe ada, kwamba kampuni itainunua tena, kwamba ni rasilimali: nyuma ya mkataba pana ukurasa wenye mistari kumi hivi, na kila mstari una herufi za kwanza za majina yenu. Mmoja unasema hamkununua kwa kutegemea faida. Mwingine unasema hakuna ahadi nje ya maandishi. Ndiyo maana kumshtaki muuzaji kwa alichosema ni vigumu, na kughairi ndani ya siku ni rahisi.

SWALI: Nina wiki Orlando tangu miaka tisa. Mkopo nimeumaliza, ada imefika dola 1,400 na hatuendi tena. Kampuni moja inataka dola 6,000 "kunitoa kisheria," na inasema niache kulipa ada mara moja. Niwalipe?
*Msomaji, Minneapolis*

JIBU: Usilipe. Tena hilo la kukuambia uache ada lingetosha kukukimbiza. Wakati wao wanakaa na dola zako 6,000, jengo linakupeleka kwa wakusanya madeni, kisha linachukua wiki yako na kuinadi. Umetoka, ndiyo, lakini umetoka kwa kunyang'anywa, jambo ambalo ungelipata bure, na doa kwenye ripoti ya mikopo juu yake. Mwaka 2022 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, pamoja na jimbo la Wisconsin walishtaki kundi la kampuni za namna hii lililokuwa Missouri, kwa madai kwamba lilikusanya zaidi ya dola milioni 90 kutoka kwa wamiliki, wengi wao wazee.

Hali yako ndiyo nzuri kuliko za wote waliotuandikia, kwa sababu huna mkopo. Fuata hivi.

Piga simu jengo lenyewe, si mauzo. Omba idara ya huduma za wamiliki, na uliza kwa maneno haya: je, mna mpango wa mmiliki kurudisha hati ya umiliki? Kampuni kubwa nyingi wanao ingawa hawautangazi, na chama cha wafanyabiashara hao, ARDA, kina tovuti iitwayo ResponsibleExit inayokupeleka kwenye mlango wa kampuni yako. Masharti ya kawaida ni mawili: mkopo uwe umekwisha, na ada iwe imelipwa hadi leo. Wengine hudai ada ya mwaka mmoja au miwili mbele. Hata ikiwa dola 2,800, hiyo ni chini ya nusu ya 6,000, na inakwenda kwa mwenye uwezo wa kukutoa kweli. Mtu wa kwanza akisema hakuna mpango, andika jina lake na tarehe, kisha peleka ombi kwa barua. Majibu ya simu hubadilika kulingana na aliyepokea.

Wakikubali, hawajamaliza mpaka hati mpya isajiliwe. Kwa Orlando rekodi ziko kwa Mdhibiti wa Fedha wa kaunti ya Orange, na unaweza kuzitafuta bure mtandaoni kwa jina lako. Ukiona hati iliyorudisha umiliki, chapa nakala uihifadhi. Kuna walioacha kulipa kwa sababu barua ilisema "ombi limepokelewa," na hati ikabaki kwa jina lao miaka mitatu.

Jengo likikataa kabisa, jaribu kuitoa kwa mtu. Hatusemi kuiuza. Tazama soko la mtandaoni la eBay, upande wa zilizokwisha kuuzwa, si zilizotangazwa, uone wiki kama yako inavyokwenda kwa dola 1, na muuzaji akalipia uhamisho juu yake. Muulize jengo kama lina haki ya kununua kwanza, na ni marupurupu gani mnunuzi wa mkono wa pili hapewi, maana atakuuliza.

Halafu jihadhari na simu ya furaha. Mtu anasema amepata mnunuzi wa Mexico kwa dola 30,000. Wewe tanguliza tu kodi ya huko. Ukilipa, inakuja ada ya benki, kisha faini ya kuchelewa. Mwezi Julai 2024 kitengo cha Hazina ya Marekani kinachofuatilia fedha haramu, FinCEN, kilizionya benki kwamba baadhi ya simu hizi zinaendeshwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco, Mexico. Mnunuzi wa kweli huweka fedha zake kwenye akaunti ya amana ya wakala wa hati, na gharama hukatwa humo. Hakuna kodi ya Mexico inayolipwa na mtu aliye jikoni kwake Minnesota.

SWALI: Kwa nini nisiache tu kulipa?
*Msomaji, Dallas*

JIBU: Unaweza, ila ujue unachokinunua. Ikiwa una mkopo, ni sawa na kushindwa mkopo mwingine wowote: alama zako za kukopesheka zinaporomoka, na kiasi watakachosamehe kinaweza kuja kwenye fomu 1099-C ambayo Mamlaka ya Mapato inaihesabu kama kipato. Ikiwa ni ada tu, huanza riba na faini, kisha mkusanya madeni. Kama unangoja mkopo wa nyumba mwaka huu, usithubutu. Kwanza omba kurudisha hati.

SWALI: Nilinunua Tenerife mwaka 2003. Mkataba hauna tarehe ya mwisho. Kuna watu wananipigia kwamba Hispania wamefuta mikataba hii na nina fidia yangu. Ni kweli?
*Msomaji, Leicester*

JIBU: Nusu ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowauzia watu. Sheria ya Hispania namba 42 ya 1998, iliyoanza Januari 1999, iliweka muda wa taimushea kati ya miaka 3 na 50. Januari 2015 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba mkataba uliofanywa chini ya sheria hiyo bila ukomo ni batili. Mkataba wako wa 2003 unaangukia humo kwa tarehe.

Kati ya kuwa batili na fedha kuingia benki kuna safari. Kesi nyingi hubishania kwanza ni sheria ya nchi ipi itumike, na kampuni iliyokuuzia pengine imeshafilisiwa. Hukumu dhidi ya kampuni tupu ni karatasi ya kutundika ukutani. Kwa hiyo kabla ya kumlipa yeyote, tafuta kama muuzaji wako bado yupo. Kisha tafuta wakili aliyesajiliwa kwenye chama cha mawakili cha kule Hispania, umtafute wewe, si yeye kukupigia. Mwambie akuandikie ni nani hasa atakayelipa ukishinda. Kama lengo lako ni kutoka tu, andikia jengo ukiomba kuacha umiliki na utaje hukumu ya 2015. Hilo halikugharimu zaidi ya stempu.

SWALI: Mhariri, nilipigiwa simu kwamba nimeshinda likizo. Kufika hoteli Nairobi ikawa ni kilabu cha likizo cha miaka kumi. Nimelipa amana kwa M-Pesa wiki iliyopita, Jumatano. Nimenaswa?
*Msomaji, Kitengela*

JIBU: Bado, ukiwahi. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima ya taimushea, na inakuruhusu kughairi bila sababu hadi siku 10 baada ya kupokea nakala ya maandishi ya mkataba. Watakujibu kwamba hiki ni kilabu, si taimushea. Angalia unachopata: kama ni haki ya kutumia malazi kwa zamu pamoja na wanachama wengine, jina walilokipa halibadilishi kitu.

Ikiwa hujapewa nakala, siku zako hazijaanza hata kuhesabiwa, lakini usilalie hilo. Andika barua leo, ipeleke kwa mkono ofisini kwao na nakala ya pili wakupigie muhuri wa kupokea. Wakikataa muhuri, tuma kwa rejista na kwa baruapepe siku hiyo hiyo. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Namba ya muamala na jina la biashara lililotokea hapo ndilo utakalolidai, na mara nyingine halifanani na lililo kwenye mkataba. Tofauti hiyo iandike kwenye barua.

SWALI: Mama alifariki mwezi wa pili. Sasa jengo la Florida linanitumia bili ya ada yake kwa jina langu. Je, deni la marehemu ni langu?
*Msomaji, Portland, Maine*

JIBU: Pole sana kwa msiba. Kwanza angalia hati. Kama jina lako limo pamoja na la mama, na wauzaji hupenda sana kuongeza majina ya watoto "ili wasisumbuke," wewe ni mmiliki na majibu ya juu ndiyo yako.

Kama jina ni la mama peke yake, ada za hadi siku ya kifo zinadaiwa kwenye mali aliyoacha, kabla ya kugawa. Wale mnaofuata sheria ya mirathi ya Kiislamu mnaujua utaratibu huu. Baada ya hapo, hakuna anayeweza kukurithisha kitu usichokitaka. Unaikataa kwa maandishi, hati yenye muhuri wa mthibitishaji, inayosema unakataa sehemu yako ya wiki hiyo, ikitaja namba ya mkataba. Nakala moja iende kwa msimamizi wa mirathi, moja kwa jengo, moja isajiliwe kaunti ilipo nyumba. Kwa sheria ya kodi ya Marekani muda ni miezi 9 tangu kifo, na jimbo linaweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo mwone wakili wa mirathi mapema.

Mpaka hati hiyo isajiliwe, usilale hata usiku mmoja kwenye nyumba hiyo, usimpe binamu wiki ya mwaka huu, na usilipe hata dola 50 "kuonyesha nia njema." Ukitumia au ukilipa, umeipokea. Na ndugu zako wakatae nao, kila mmoja na hati yake, kwa sababu ukikataa wewe peke yako inahamia kwa anayefuata, na kwa kawaida huyo ni mdogo wenu ambaye hasomi barua zake.